Unyaufu

Mimi ni karani wa mizani, ghala la chama, Tandahimba.
Miaka kumi na miwili nimesoma mshale,
nimetoa uzito wa gunia, nimetoa mchanga,
nimewaambia wazee waliobishana nami juani:
korosho hunyauka, mzee wangu. Kaa siku nne urudi,
utakuta kilo imepungua na mwizi hakuna.

Somoe alianza kuvimba miguu mabibo yakianza kunukia.
Kandambili zikamkataa. Pete tuliitoa kwa sabuni.
Tukasema ni joto, ni chumvi, ni mtoto wa kiume.
Mama yake alisema jambo jingine, kwa Kimakonde, chinichini,
maana mimba mbili za kwanza zilitoka
na hatukuzipa majina.
Zahanati wakamfunga mkono kwa kile kitambaa kinachopumua.
Nesi akatazama namba, akapima tena,
akaniuliza kama nina nauli ya Mtwara. Leo. Si kesho.
Kifafa cha mimba, alisema, hakipigi hodi.

Njia ya Nanyamba nilihesabu matuta badala ya kuomba dua.
"Baba Nani," aliniita, ndivyo anavyonitania siku zote,
"mbona wananimulika taa za macho?"
Ilikuwa saa saba mchana.

Ligula walimchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto,
wakaomba saa arobaini na nane.
Tulipewa thelathini na moja.

Wiki ya thelathini. Usiku. Kisu.
Hakulia; alitoa mlio kama mlango wa kabati.
Wakamweka kwenye mizani nyeupe isiyo na hata kutu,
na mimi, nisiyehitaji kusomewa uzito, nikasoma:
gramu elfu moja mia moja na ishirini.
Gunia tupu, lile tunalolitoa kwenye hesabu,
linakaribia hapo.

Siku ya nne: elfu moja na arobaini.
Nikamfuata Nesi Klemensia na daftari langu,
nikamwambia mizani yenu ina kasoro.
Hakucheka. "Wote hupungua kwanza, baba. Ni maji yanatoka.
Kaa siku kumi, urudi tuongee."
Nikabaki nimesimama
kama wale wazee wangu wa juani.

Somoe wodi ya pili, presha imegoma kushuka,
anakamua maziwa kwenye kikombe cha dawa, mazito, ya njano,
ananikabidhi kama mtu anayekabidhi stakabadhi.
Nayabeba koridoni kwa mikono miwili. Watu wananipisha.

Kisha wakaniambia nivue shati.
Wakamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi,
wakatufunga kwa kanga ya Somoe,
maandishi yakaangukia mgongoni, sikuyasoma.
Saa tano kwenye kiti cha plastiki, sijikuni.
Njiti, wanawaita. Njiti hii ilikuwa na moto
ninaousikia mbavuni, wa kuazima, wangu mwenyewe.
Alikuwa anasahau kupumua. Hivyo tu, anasahau,
kama mtu aliyeacha ufunguo mlangoni.
Nesi alinifundisha kumgusa unyayo kwa kidole.
Nikamgusa. Akakumbuka.
Usiku ule, mara tisa.
Mtoto wa kitanda cha dirishani hakukumbuka.
Mama yake alikunja nepi mojamoja,
hata zile mpya, akazirudisha kikapuni.

Mnada umepita bila mimi. Bei sijaiuliza.

Leo ni siku ya kumi na tatu.
Jana elfu moja na ishirini. Leo elfu moja thelathini na tano.
Ghalani gramu kumi na tano hatuziandiki;
ni vumbi la maganda, hufagiliwa jioni.
Nimeziandika.
Kwa tarakimu, kisha kwa maneno, kama tunavyoandika hundi,
ila mwishoni, pale tunapoweka "tu"
asije mtu akaongeza kitu,
nimeacha wazi.