Mstari Ninaouruka

Tulikuwa wanane tulioweka dole gumba
kwenye fomu ya mbolea, chama cha msingi, Tutuo.
Wino ule wa zambarau ulikaa siku tatu,
nikamega nao ugali, nikamfunga nao mtoto mgongoni.

Msimu ulipoisha Mlekwa Kasubi
alipakia marobota yake usiku
kwenye gari lisilo na namba,
akayauza njia ya porini, fedha mkononi.
Sisi saba tulikwenda sokoni mchana
tukakatwa deni lake.
Kikundi ndivyo kilivyo:
anakula mmoja, wanatapika wote.

Bati ishirini na mbili nilizokuwa nikizihesabu usingizini
zikabaki dukani Sikonge.
Kalunde akarudi kutoka shule na sanduku lake,
akalisukuma chini ya kitanda, hakuuliza kitu.
Afadhali angeuliza.

Miaka mitatu nilisali Sala ya Bwana kwa kuruka.
Mkate wa leo niliuomba kwa sauti.
Tukifika kwenye mstari wa madeni
nilijifanya nimepaliwa,
nikashika kitenge mdomoni,
nikawasubiri wenzangu kwenye majaribu.
Sikudhani Mungu anahesabu mistari.
Ana mvua ya kupeleka, ana wagonjwa Kitete,
mimi na kikohozi changu cha uongo tutamshughulisha nini?

Alhamisi moja, alfajiri, nilimkuta pampuni.
Yeye na ndoo yake, mimi na yangu,
na mpini mmoja.
Akapampu, maji yakaingia kwenye ndoo yangu kwanza.
Hakunitazama.
Akasema: "Jumapili nakaa nyuma yako, Mama Kalunde.
Nasikia unaponyamaza.
Na mimi hunyamaza papo hapo.
Wewe hutaki kutoa,
mimi naona aya kuomba."

Ndoo ikajaa, ikamwagika, ikatulowesha miguu,
wala hakuna aliyeisogeza.

Kumbe miaka yote hiyo
palikuwa na mahali pamoja tunakutana,
pale kwenye ule mstari, mabubu wawili,
mmoja benchi la mbele, mmoja la nyuma.

Alitoa pakiti ya chumvi iliyokunjwa.
Ndani, elfu kumi na mbili, zinanata asali.
Yangu mimi ilikuwa laki tatu.
Nikapiga hesabu bila kutaka: safari ishirini na tano.
Hakupiga magoti. Sikulia.
Nilichoweza kutoa asubuhi ile ni neno moja,
neno nililomnyima misimu mitatu
hata kwenye msiba wa mama yake:
"Mwangaluka."
Akaliitikia taratibu,
kama mtu anayepokea yai kiganjani.

Msinielewe vibaya.
Mkutano mkuu ulipofika wakamtaja kushika ufunguo wa ghala,
mkono wangu ulibaki mapajani.
Nimemsamehe. Ufunguo ni habari nyingine.

Na Jumapili ile tulipoufikia mstari
nilichelewa kuuanza, ulimi mzito kama wa mgeni wa lugha.
Nyuma yangu sauti iliyokauka kwa moshi wa bani
nayo ikachelewa.
Tulipomaliza, kanisa zima lilikuwa limekwisha kutuacha.

Juzi mvua imenyesha usiku, nyasi zikavuja
palepale ambapo pangekuwa na bati.
Nikalitaja jina lake gizani, na si kwa wema.
Kisha nikaamka kusogeza beseni,
nikamsamehe tena, nikasogeza sufuria,
nikamsamehe tena, kidogo,
kiasi cha kunifikisha asubuhi.

Amekwisha kuja mara nne.
Mara ya nne nilimwambia: basi, iliyobaki iache,
mimi na wewe tunadaiwa na Mmoja, na wala hatuwezi kumlipa.
Alitikisa kichwa, akaiweka ile pakiti juu ya kinu.
"Niache nilipe, Mama Kalunde," akasema,
"nipate sababu ya kupita hapa."