Kupunguza Namba

Bombo waliponitoboa kidole
mashine ikasoma kumi na tisa.
Nikacheka. Muuguzi akanitazama.
Nikamwambia, mwanangu, ndiyo barabara yangu hiyo:
Ngamiani, ya kumi na tisa,
nyumba ya tatu kutoka kwa fundi cherehani.
Hakucheka. Akaandika. Akasema: tembea, mama.
Ukiweza, kimbia.

Nikimbie! Mie Mwanakombo binti Chambega,
miaka hamsini na miwili, goti la kulia lina kinyongo,
katika mji ambao hata jogoo
akipata nafasi atapanda baiskeli.
Asubuhi ya kwanza nilivuka barabara tatu
na watu watano wakaniuliza, kwa huruma kabisa:
"Imeibiwa lini?"

Wa sita, Bi Rukia wa ya kumi na sita,
hakuuliza. Alitema maji ya tambuu,
akauambia ukuta:
"Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Nikaimeza. Siku nzima ikanikaa kooni.

Kesho yake, imamu hajamaliza kukunja mswala,
mie niko nje: dira nimelipandisha,
suruali ya mwanangu ndani,
raba za mitumba, kushoto thelathini na tisa, kulia arobaini.
Ya kumi na nane, mbwa.
Ya kumi na saba, mtaro ulioziba tangu masika.
Ya kumi na nne ndipo nikasikia nyuma yangu
pa, pa, pa, kama unga unaopigwa ubaoni.
Semboja, golikipa wa timu ya kiwanda
kabla kiwanda hakijalala.
Mhina wa bohari ya katani, anahema kwa pua, haongei.
Saumu wa kidato cha nne, na saa ya kaka yake
kubwa mkononi kama pingu.
Hawakuuliza kitu. Walipunguza mwendo, basi.
Sikuwashukuru; pumzi ya kushukuru ningeitoa wapi?

Toka hapo tunashuka pamoja.
Ya tisa ina tangawizi. Ya sita inanuka petroli.
Ya kwanza, kisha reli, kisha namba zinaisha
na mji unakuwa miti tu na mageti
mpaka Raskazone, kwenye ukuta.
Lazima uuguse. Kwa kiganja.
Semboja hataki ncha za vidole.

Jumanne moja Mhina hakuwapo.
Tungeweza kusema kalala. Tukaenda kwake.
Mlango wazi, taa inawaka, yeye sakafuni,
mdomo umekwenda upande.
Saa kumi na moja na nusu: bajaji hakuna,
jirani simu haina chaji.
Tukampakia kwenye baiskeli yake mwenyewe,
Semboja usukani, Saumu kamkumbatia mgongo,
mie nimeshika mguu wake usiingie kwenye spoku.
Tukakimbia. Goti likasahau kinyongo chake.
Ya kumi nakumbuka. Nyingine sikuhesabu.
Bombo getini, Saumu, kwa mazoea, akabonyeza saa.

Sasa Mhina anakaa nje, ya kumi na nne,
kwenye kiti cha plastiki, mkono mzima kaunyoosha,
tunaugonga mmoja mmoja tukipita.
Tukichelewa anatukaripia kwa jicho.
Sukari yangu inasoma nane,
ila Ramadhani na futari zake ilirudi kumi na mbili,
sitakudanganya.
Na chini ya kibaraza cha Bi Rukia
juzi nimeona raba mpya, kamba bado zimefungwa pamoja.
Nikajitia sijaziona.
Alisema kweli lakini, ukingo upo.
Tunaugusa, tunageuka,
namba zinaanza kupanda kuelekea chai.

Saumu zile dakika hajazifuta.
Hutuonyesha tukianza kujisifu.
Mwaka unakwenda wa pili, hatujazifikia,
tukiwa wepesi, mikono mitupu, barabara ileile.
Semboja anasema
na zisifikiwe.