Hati ya Kuwa Hai

Kila Januari Hixinio Outeiro hushuka na basi la saa tatu
kutoka vilima vya Ourense, kule mpakani,
kuja kuniomba nimwandikie kwamba hajafa.

Uswisi wanataka kujua. Miaka kumi na tisa
aliwatobolea mahandaki, na leo pafu lililobaki
hupiga mluzi akipanda ngazi zangu kumi na nne.
Lifti ni mbovu tangu Oktoba. Bajeti.

"Nikae, au nikisimama ndipo naonekana hai zaidi?"
Utani uleule. Nacheka upya, kwa kuwa mwaka ni mpya.
Nagonga muhuri. Anaikunja karatasi mara nne,
taratibu, kama mtu anayefunga chumvi.

Nyuma ya kioo changu kuna jedwali.
Nilipoajiriwa, vibarua watatu walimbeba mstaafu mmoja.
Leo ni mmoja na nusu.
Hiyo nusu huniamsha usiku:
pengine ni mimi, ninayekatwa kabla sijaugusa mshahara,
pengine ni Anxo mwanangu, aliyeko Rotterdam
akichangia wazee wa watu.

Waraka umeshuka jana: ongezeni miaka miwili kazini,
punguzeni nyongeza, kagueni upya. Tudhibiti gharama.
Gharama.
Neno halina magoti. Halikohoi.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, sawa,
ila mimi sijui tena mwenzio ni nani:
mstari wa mia nne na kumi na mbili ni mama yangu, Eudosia.
Kuni, vidonge vya presha, mafuta ya taa ya kanisa,
na kila tarehe tano euro hamsini kwa Anxo,
kwa siri, kodi ya chumba imempanda.
Sijui hiyo niiandike safu gani.

Na waraka haukukosea hesabu, hilo ndilo linaloniuma.
Nimeirudia mara tatu kwa penseli.
Shule niliyosoma sasa ina vitanda thelathini
na wauguzi wanne, mmoja wao likizo ya uzazi,
habari njema pekee ya mwezi.

Mlangoni Hixinio anageuka, kofia mkononi:
"Na wewe, binti, nani anakugongea muhuri?"

Nilikuwa nimebakiza miaka sita. Tangu jana ni minane.

Ameacha mayai sita ndani ya gazeti.
Sheria inataka niyaandike kwenye daftari la zawadi.
Nayaandika. Matano.
Moja nimelishika bado, lina joto la koti lake.