Bwawa la Tatu

Wete ikilala, maji yake hayalali.
Yanateremka kutoka Jadida, Utaani, Limbani,
gizani, ndani ya bomba la zege,
mpaka huku chini penye mikoko,
anakoyangoja baba na reki yake.

Shaame Mbwana huusoma mji kwenye wavu.
Povu jingi Alhamisi: kanzu za Ijumaa.
Maji yakija na wekundu wa hina,
"Kuna watu wanaoza binti," husema,
"na mwaliko wetu umepotea njia."
Ramadhani mji humfikia saa kumi usiku,
mzito, una pilipili manga.
Kandambili moja. Kichwa cha mwanasesere.
Nepi, nepi, nepi, Mola atunusuru na nepi.
Maji ya maiti tu ndiyo hayaji,
yale yana ufuo wake, huchimbiwa mlemle chumbani.
"Kwangu mie," husema, "wanakuja wazima."

Bwawa la kwanza jeusi, linatokota bila kuni.
La pili kijani cha kisamvu kilichotwangwa.
La tatu, ukiinama, unayaona meno yako.
Hapana dawa, hapana mashine:
jua, na vidudu visivyoonekana,
na siku ishirini za subira.
Yangeyange hushuka pale wakanywa
wala hawaulizi mtu.

Maalim Ngwali alikuja jioni moja, kanzu ameipandisha magotini,
yeye aliyetusomesha chuoni alama tatu za maji:
rangi, harufu, utamu.
Akateka kwa bilauri, akaielekeza juani.
Rangi, hamna.
Akanusa. Akanusa tena.
"Na utamu, maalim?" baba akamwuliza,
uso mkavu kama pweza wa kuanikwa.
Maalim alicheka mpaka akakohoa.
"N'tatazama kitabu," akasema, akaondoka.
Mwaka wa pili huu anatazama.

Ijumaa baba huoga mara mbili,
mferejini kazini, na nyumbani kwa sabuni ya mche,
kisha hutawadha birikani pamoja na wote.
Kanzu yake imefukizwa udi.
Mimi husimama kuliani kwake.
Kushotoni hapasimami mtu.
"Zibeni nafasi," imamu anahimiza, "msimwachie shetani."
Watu wanatazama vidole vya miguu yao.
Nafasi yenyewe nyembamba,
yamtosha mtu mmoja asiyekula sana.

Usiku simu yetu nayo hailali.
"Shaame, ndugu yangu, choo kimerudisha,
na nyumba ina wageni kutoka Unguja!"
Sauti naitambua: ni ya safu yetu,
mkono wa kushoto, hatua moja mbali.
Baba hufunga fito kwenye baiskeli, akaenda.
Ujira hupewa dirishani.
Chai haletewi.

Niliwahi kumwuliza kama hachomwi.
"Bomba nalo lataka nafasi yake," akasema,
akaendelea kuupaka mnyororo mafuta.

Lakini juzi, swala ikiisha, niliiba jicho.
Alitoa salamu kulia, kwangu.
Kisha akageuza shingo kushoto, taratibu, mpaka mwisho,
na pale pasipo mtu
midomo yake ikatamka yote, neno kwa neno,
amani, na rehema,
hakupunguza kitu.