Waya wa Kibokoni

Mawimbi ya hewani yalikufa mlango wa pili.
Ukuta wa kwanza wa matumbawe, unene wake dhiraa nzima,
wa pili mnene kuliko huo,
halafu ngazi, halafu jokofu lenyewe
limesukumwa pembeni mwa chumba
ambamo nusu ya mtaa huu ilizaliwa.
Waliojenga Kibokoni walijenga kuzuia jua.
Hawakuwaza kuwa kuta zitakuja kuzuia namba.

Bi Khuleita ana chupa thelathini na moja za insulini
na stima inayoondoka bila kuaga.
Bodi yangu, ndogo kama kiberiti,
ilipima baridi miezi miwili kwa uaminifu
ikipiga kelele ndani ya chumba kitupu.

Basi waya.
Twahir wa Mwembe Tayari akanicheka:
"Wenzio wanatoka kwenye waya, wewe ndiyo unarudi?"
Akaniuzia hata hivyo: kijibodi cha kijani
chenye mdomo wa bati wa pembe nne,
na mita ishirini za kebo, imekunjwa mfano wa ukili.

Usiku nikamenya ganda, nikafumua jozi.
Nyeupe-chungwa, chungwa.
Nyeupe-kijani, buluu.
Nyeupe-buluu, kijani.
Nyeupe-kahawia, kahawia.
Nilizisoma kwa sauti kama mtoto wa chuoni, nikiyumba,
na mara mbili nikakosea pale pale,
pale buluu inapoingia katikati ya kijani
kama mgeni aliyeketi baina ya mke na mume.

Upande wa bodi, waya saba:
wa kusema, wa kusikiza,
wa kupiga pigo ili wasemao wasipitane,
wa kuita, "Wewe, zamu yako,"
wa kuamsha aliyezubaa.
Umeme. Ardhi.

Nikachomeka. Taa ikawaka, ikazima.
Ikawaka, ikazima.
Bodi inazirai, inaamka, inazirai,
nami nikaulaumu msimbo wangu,
nikafuta mistari, nikaandika, nikafuta,
hadi muuza mahamri akapita chini ya dirisha.

Kumbe njaa tu.
Kijibodi kinakula umeme kuliko mwenyeji wake
na mimi nimewapakulia sinia moja.
Nikampa mgeni sahani yake:
volti tatu na nukta tatu, si tano;
tano zingemuunguza.

Taa ikatulia. Lakini kimya.
Hakina jina.
Kimetoka kiwandani na sufuri, jozi sita,
na mtandaoni asiye na jina hapelekewi kitu,
kama barua iliyoandikwa "Kwa yule mrefu, Mombasa."
Jozi ya kwanza niliweka 02,
ndiyo alama ya jina la kujitungia.
Zilizobaki nikazitoa kwenye hati ya nyumba yetu ya Bondeni,
ile iliyobomolewa, ambapo sasa watu huegesha magari.
Sikumwambia mtu.

Kebo ikapita tundu la bomba la zamani,
ikashuka hadi kisanduku cha mtandao pale mapokezi.
Viungo nikavipaka grisi.
Chumvi ya hapa hula shaba, tena haina haraka.

Saa nne asubuhi, niko Tudor, meza ya jikoni.
4.6
4.6
4.5
Chai ikapoa.
4.6
6.9

Nikapiga simu.
"Bi Khuleita, jokofu li wazi."
Kimya. Kishindo cha mlango.
"Nani kakwambia?"
"Ukuta."
"Ukuta gani? Wangu mimi hauna masikio, una panya."

Namba ikaanza kushuka, kwa mwendo wake.
Nami nikavuta karatasi,
nikaandika: bomba la plastiki la kufunika kebo,
mita ishirini.
Nikafuta. Ishirini na mbili.