Herufi Kumi na Nane

Msimu wa zabibu Hombolo haungoji sasisho.
Saa mbili na robo asubuhi Nyemo Chilewa alinipigia:
"Programu yako inasema ni saa nane.
Na herufi zimerudi kuwa chawa."
Nyuma yake nilisikia kreti zikiburutwa, mtu akitaja kilo,
na yeye, karani wa chama,
anabana macho kama anayetunga sindano.

Kosa langu.
Alichokichagua nilikihifadhi ndani ya folda ya programu yenyewe,
kisha nikashusha toleo jipya juu yake,
kama mtu abomoaye tembe
na mbegu zingali zimening'inia ndani.

Kabla ya hapo nilikuwa mgeni mbaya kwa namna nyingine:
faili langu nililitupa sebuleni kwa watu,
nukta mbele ya jina, nikidhani nimejificha.
Nukta si pazia.
Malogo, kule chuoni, aliorodhesha vilivyomo nyumbani mwake
akakuta nukta thelathini na tisa,
hakuna hata moja iliyobisha hodi.

Sasa nabisha.
Usiku, Makulu, umeme ukienda na kurudi,
nauliza mashine ya chuo: hapa mipangilio hukaa wapi?
Inanionyesha chumba.
Ile kuukuu ya chama, yenye madirisha, inanionyesha kwingine.
Ya mchungaji wa Mvumi, yenye tufaha mgongoni,
inanipeleka hadi maktaba.
Sibishani na desturi ya nyumba niliyoingia.

Humo naweka maandishi ya wazi, ayasome hata asiyejua kazi yangu:

   herufi = 18
   saa = kiswahili
   lugha = cigogo

Naandika kwanza pembeni, ndipo nabadilisha jina;
umeme ukikatika katikati, la zamani libaki zima.
Na asichokichagua sikiandiki.
Kimya chake si ruhusa.

Wenzangu wa mradi, wa miji nisiyoijua,
wanasema: mistari sitini kwa ajili ya ukubwa wa herufi?
Ndiyo. Sitini na mbili.

Jana toleo jipya lilishuka Hombolo.
Nilikaa na simu mapajani, saa mbili, saa tatu,
chai ikaota utando.
Saa tano ikaita.
Nyemo alitaka kujua tu
kama zabibu zimepanda bei huku mjini.