Misumari Miwili

Miezi saba nilimwamsha kwa ndoo.
Namwaga maji barazani alfajiri, nasema nafagia,
naye anakunja gunia lake na kanga iliyofifia, bila neno,
anahamia ng'ambo ya barabara ya Nachingwea
hadi nitoe cherehani, hadi wateja waanze kuja.
Masasi nzima tulimwita Baraza.
Jina lake ni Bakili Nambindo.

Nililijua siku mvua iliponizuia kufunga duka.
Tulikaa wawili, yeye kona ile, mimi hii.
Akasimulia kama anayehesabu chenji:
mke aliugua, Ndanda wakataka hela,
akauza korosho kangomba, zikiwa bado maua;
mwaka uliofuata akaweka rehani mikorosho yenyewe.
Mke akafa. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mke,
na kwetu huku mume ni mgeni aliyekaa sana.
Arobaini ilipopita, mashemeji walimpa maji ya kunywa,
mkeka hawakumpa.

Na mimi nilidhani ni uraka.

Ofisi ya mtaa walituuliza: anakaa wapi?
Bila makazi hakuna barua,
bila barua hakuna kitambulisho,
bila kitambulisho ghala halichukui hata mbeba magunia.
Mtendaji alishika kalamu hewani.
Nikasema, andika: barazani kwa Somoe Chilumba.
Akacheka.
Nikamwambia, andika.

Kikoba chetu kililipa chumba, kodi ya miezi mitatu,
baada ya ugomvi ambao siusemi hapa.
Siku ya tano nikamkuta tena barazani,
ufunguo shingoni, umefungwa kwa uzi wangu mweusi.
"Kule kimya," akasema. "Nausikia mlango."
Wenzangu wakataka hela yao irudi.
Mimi niliiacha ndoo ndani, nikakoroga uji.

Alirudi chumbani kidogo kidogo,
kama mguu uliotolewa plasta jana.
Usiku mmoja kule, siku mbili huku.
Oktoba ghala likamchukua.
Bado analala na viatu. Hilo sijaliuliza.

Juzi alikuja kuomba misumari miwili.
Nikampa minne, akarudisha miwili.

Leo nimepita kwake, sikubisha hodi.
Dirishani imetundikwa kanga,
ile aliyokuwa akiifanya mto,
maandishi yameelekea ndani.